Marejeo ni Ngamani: Mhadhara kwa Wenye Mashua Wapya

Asanteni kwa kuja. Kabla sijaendelea, naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono, kianzie hapa mbele. Ni vali. Ilikaa chini ya sinki la boti yangu ya kwanza, kwenye tundu lililotobolewa chini ya usawa wa maji. Ukiitazama juu juu inang'aa, huna neno nayo. Igeuzeni muone pale ilipokatika. Umanjano umekwisha, imekuwa na wekundu mpauko kama ufizi. Ikwaruzeni kwa ukucha, inatoka unga.

Niliikata kwa mkono mtupu. Sikuwa na spana wala nyundo. Nilitaka kuifunga tu, ikanibaki kiganjani. Salama yangu ni kwamba siku hiyo boti ilikuwa nchi kavu, imeegemezwa kwenye magogo. Wiki moja nyuma ilikuwa inaelea, na mimi ndani yake nimelala usingizi wa pono.

Vali hiyo ni ya brasi, na brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huitafuna zinki kwanza, shaba inabaki na vitundu kama sifongo. Umbo lipo, nguvu haipo. Kwa hiyo vali ya chini ya maji inatakiwa iwe ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, au ya plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo. Tatizo ni kwamba brasi na bronzi zikiwa mpya hufanana kama pacha, na muuzaji mwenyewe mara nyingine hajui anachouza. Mtu akikuuzia mashua kuukuu, muulize vali zake ni za nini. Akibabaika, zibadilishe zote.

Nipeni dakika moja ya hesabu. Tundu la milimita 38, likiwa sentimita 60 chini ya uso wa maji, linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Sasa chukua pampu ndogo iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa. Gawanya kwa 60, unapata kama lita 32 kwa dakika. Nazo ni lita za kwenye karatasi, maana pampu yako ina kazi ya kupandisha maji, mpira wa maji una kona, na betri imechoka. Pampu haishindani na tundu. Pampu ni ya matone na mvua. Kwenye tundu kinachokuokoa ni kigingi cha mbao laini, kimechongwa kama karoti, kimefungwa kwa uzi pale pale kwenye vali. Hapo naomba tuelewane: hakikai kabatini. Ukianza kupekua kabati, maji yameshafika magotini.

Mnaijua methali ya tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa ndani yake maji yanapokusanyika. Watu huitumia kwa mambo ya dunia, mtu azunguke weee, mwisho arudi kwao. Mimi naisoma kama maelekezo ya fundi. Maji yaingie mbele kwenye dirisha linalovuja, au nyuma kwenye shafti ya rafadha, ile panga inayosukuma mashua, yote yatakutana ngamani. Basi ukitaka kujua mashua yako inaumwa nini, usianze na mlingoti. Funua ubao wa sakafu, upige magoti na tochi.

Ukikuta maji, usikimbilie kuyafua, yaani kuyatoa nje, ukaona kazi imekwisha. Chovya kidole, uonje. (Naona mnacheka. Kama yana mng'ao wa mafuta, msionje.) Yakiwa ya chumvi, yanatoka baharini: vali, mpira, shafti. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, yametoka juu na mvua, au tangi lako la maji linavuja. Kwa anayeelea ziwani ladha haisaidii kitu, lakini hatua inayofuata ni ile ile. Fua yote, pangusa mpaka pawe pakavu kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka kila kiungo. Rudi baada ya saa moja. Penye tone patakuwa na mchirizi mweusi kwenye weupe, na mchirizi huo haudanganyi. Mimi niliwahi kulaumu shafti mwaka mzima, kumbe ni kibano cha mpira kilichopasuka kwa kutu upande wa chini, upande usioonekana. Tangu hapo kila mpira wa chini ya maji naubana kwa vibano viwili, panapotosha viwili.

Wageni wa mambo haya huogopa dhoruba. Boti nyingi za starehe huzama zikiwa zimefungwa gatini, shwari, hakuna mtu ndani. Mvua inanyesha siku tatu. Swichi ya pampu, ile inayoelea na kuiwasha maji yakipanda, imenaswa na kipande cha kamba, haipandi. Au inapanda vizuri, pampu inavuta ampea 3, na betri ni ya ampea-saa 60 ambayo nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiumiza. Hizo ni saa 10, kisha kimya. Boti inashuka kidogo, na tundu la kutolea maji ambalo siku zote lilikuwa juu sasa liko chini. Kuanzia hapo maji hayasubiri mvua. Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kununua kioo cha ramani chenye rangi zote hizo, nunueni pampu ya pili ya mkono isiyohitaji betri.

Tena si maji peke yake yanayorejea ngamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na gesi ya kupikia vilevile. Vyote vinashuka chini, vinatulia, vinangoja cheche. Mwenye injini ya petroli ndani ya boti awashe feni ya kutoa hewa dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo, halafu ainame anuse mwenyewe. Pua haiharibiki swichi.

Matanga nitayapitia haraka kwa sababu adui yake mkubwa ni mmoja, jua. Yafunikeni. Anodi nazo, vile vipande vya metali vinavyofungwa chini ya maji: rafadha ya bronzi kwenye shafti ya chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi ni betri kamili, na kitu fulani lazima kiliwe. Anodi ipo ili iliwe yenyewe. Zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji baridi. Ikibaki nusu, badilisha. Na tafadhali msiipake rangi. Nimeona anodi iliyopakwa rangi kwa ufundi wa hali ya juu, mpya kabisa baada ya miaka miwili, na rafadha pembeni yake imeliwa kingo zote kama biskuti.

Nadhani kuna mkono umeinuliwa pale nyuma. Nakuja kwako, ndugu yangu. Ila vali yangu imefika wapi? Naomba irudi huku mbele, na aliyeikwaruza asiondoke na unga wake mkononi, anawe kabla ya kula.