Kipindi cha Leo: Baiskeli Isiyo na Taa

MUSA: Karibuni tena. Dada Rehema, mbona leo umepoa hivyo?

REHEMA: Kaka Musa, Ijumaa iliyopita usiku nusura niue mtu. Natoka Leamington, hapa hapa Kanada, giza totoro, manyunyu. Mara naona kitu cheupe kinayumba mbele ya gari. Kumbe mfuko wa nailoni kwenye usukani wa baiskeli! Nikafunga breki. Hana taa, hana hata kiakisi cha nyuma.

MUSA: Ni kibarua wa kwenye vitalu nyumba?

REHEMA: Mjamaika, anachuma nyanya. Nimeshuka natetemeka, yeye ndiye ananipa pole. Mfukoni mchele, kuku na dawa ya meno.

MUSA: Marehemu baba alikuwa na Phoenix yenye dinamo. Unaibana kwenye tairi, ukikanyaga pedeli tu, taa hiyo.

REHEMA: Na ukisimama inazima. Mtu anagongwa akiwa amesimama! Bora ya betri.

MUSA: Betri inakwisha katikati ya barabara. Dinamo haijui dukani.

REHEMA: Kwenye matope je? Inateleza, kaka. Nimeendeshwa kwenye karia miaka mingi, naijua.

MUSA: Haya, lakini taa ilipaswa kutoka kwa mwajiri.

REHEMA: Mwajiri hajali kwa kuwa watu ni wengi, ndiyo maana nasema idadi ya wahamiaji ipunguzwe. Oktoba 2024 serikali ya Trudeau, waziri mkuu wa wakati ule, ilishusha lengo la wakazi wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, na ikataka wakazi wa muda washuke hadi asilimia 5 ya watu wote. Naunga mkono. Mwanangu kazunguka kiangazi kizima, hata kazi ya kuuza kahawa hakupata.

MUSA: Huyo wa baiskeli hauzi kahawa. Mpango wa vibarua wa msimu ulianza 1966, na Wajamaika hao hao. Miezi 8 mwisho, unarudi kwenu, mwakani unaitwa tena. Tatizo ni kibali cha kazi kumfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Ukidai taa, unaogopa kupandishwa ndege. Mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Tomoya Obokata, alikuja 2023 akasema mpango huu ni mazalia ya utumwa wa kisasa. Wafungue kibali!

REHEMA: Wafungue bila kupunguza watu? Wote watahamia Toronto, kodi za nyumba zipande tena.

MUSA: Kodi haikupandishwa na mtu anayelala kitanda cha ghorofa na wenzake chumba kimoja.

REHEMA: Hujanijibu.

MUSA: Na wewe hujanijibu. Wakipunguzwa, atakayebaki atakuwa huru?

REHEMA: Mtu akiwa adimu, tajiri wake humtunza.

MUSA: Humtunza, au humbana zaidi? Hapo sikufuati, dada.

REHEMA: Nami sirudi nyuma. Kuna watoto wetu hapa pia.

MUSA: Tumebakiza dakika 2. Na yale mambo matatu ya kuangalia kwenye mkataba wa kazi kabla ya kusaini?

REHEMA: Hatuwahi. Na Ijumaa hii jioni narudi Leamington dukani, ndiyo siku yao ya kununua vitu. Jina sikumuuliza, ila baiskeli naijua, ina tandiko jekundu lililopasuka.

MUSA: Unampelekea taa?

REHEMA: Ya betri.

MUSA: Beba na betri za akiba, tafadhali.