Mpiga debe aliyemo simuni
(Mhadhara uliotolewa Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, asalaam alaykum na habari za jioni.

Mmeniita niseme kama matangazo ya kwenye simu, yale yanayotufuata kwa kuwa taarifa zetu zimekusanywa, yanatubadili kweli. Mimi naona uwezo wa kugeuza nia zetu ni mdogo kuliko wauza matangazo wanavyojinadi. Uwezo wa kutukuta tukiwa na shida, huo ndio wa kuuogopa.

Nendeni stendi ya Kange asubuhi. Abiria anashuka kwenye bodaboda na begi lake, safari yake Dar. Mpiga debe anamnyang'anya begi, "Dar hiyo, Dar inatoka!", anamfikisha mlangoni, kisha anamgeukia kondakta: nipe changu, nimekuletea mtu. Kamleta wapi? Yule alikuwa mtu wa Dar tangu jana usiku.

Kampuni ya eBay ya Marekani, yenye soko la mtandaoni, ilijaribu kumkatia posho mpiga debe wake mwaka 2012. Ilikuwa ikilipia ili mtu akitafuta jina la eBay mtandaoni, tangazo lake litokee juu kabisa. Ikalizima. Karibu wateja wote wakaja vilevile, kwa kubonyeza matokeo ya bure yaliyo chini yake. Wachumi waliofanya jaribio hilo walipima na maneno mengine ya kutafutia, wakaona mteja aliyezoea hakuhitaji tangazo. Lilimvuta mgeni, na yule anayepita mara mojamoja. Mwaka 2017 Procter & Gamble, watengenezaji wa Pampers, nao walipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka, na wakasema hawakuona mauzo yakiyumba.

Najua mtaniuliza Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiwafanyia wanasiasa kazi za kampeni. Walijipatia taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87, na kazi zao zilifika hata kwa jirani zetu Kenya. Wakatamba kwamba wanaijua nafsi ya mpigakura. Mamlaka ya taarifa ya Uingereza ilipowachunguza, ilikuta mbinu zao nyingi ni za kawaida tu. Wezi wa taarifa, sawa. Wachawi, hapana.

Na hiyo habari kwamba simu inasikiliza mazungumzo yetu ili ituletee matangazo, naiacha. Masikio ya nini, na sisi wenyewe tumeshaipa tulipo, tunachotafuta na saa tunayokitafuta?

Hiyo saa ndiyo ninayotaka tuitazame. Mama wa Ngamiani, usiku, anatafuta mkopo wa ada ya mtoto. Tangazo halina kazi ya kumshawishi, shida imeshamshawishi. Kazi yake ni kufika kabla ya dada yake, kabla ya kikoba. Anapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyohifadhi, anakubali, maana nani anasoma yale maandishi? Akichelewa kulipa, ujumbe unamfikia mkwewe: mtu wenu ni mdaiwa sugu. Kausha damu hii, mkopo wa kumnyonya mtu, haihitaji hata kubisha hodi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, na mtu akidhulumiwa ana Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuipelekea malalamiko. Wengi wanaona aibu kwenda, kwa sababu kweli wanadaiwa. Deni ni jambo moja, namba ya mkweo ni jambo jingine. Wewe ulibonyeza "kubali". Yeye hakuulizwa, hakukopa, na hajui hata jina la hiyo programu. Kwa hiyo mkirudi nyumbani, mwambieni kwamba na yeye anaweza kulalamika, kwa jina lake mwenyewe.