Kumlisha kifaranga akiwa bado ndani ya ganda

Ndugu washiriki, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnaototolesha vifaranga vya nyama mmelisikia juu juu: kudunga virutubisho ndani ya yai ili kifaranga aanze kula kabla hajaliona jua. Nitaeleza kinachotokea ndani ya yai, mbinu yenyewe inavyofanywa, na panapoharibika. Msimamo wangu nautanguliza ili mnisikilize mkiujua. Elimu iliyo nyuma ya mbinu hii ni ya kweli, lakini kituo kisichoweza kuifanya kwa usafi na kipimo kamili kisiifanye. Kina njia nyingine za kuziba pengo lile lile.

Pengo lenyewe ni hili. Yai la kuku wa nyama hukaa kwenye mashine siku 21, yaani saa 504. Vifaranga havitoki kwa pamoja. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa saa 24 hadi 36. Aliyetoka mapema anawasubiri wenzake ndani ya joto, kisha anachaguliwa, anachanjwa, anahesabiwa, anawekwa kwenye boksi. Boksi likipakiwa kwenye basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 800, kifaranga huyo anaweza kufika kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, akiwa na saa 48 au hata 72 tangu atoke, hajaonja punje wala tone. Tumezoea kusema ana akiba ya kiini tumboni. Anayo: kifaranga wa gramu 40 huwa amebaki na gramu 5 hadi 8 za kiini. Tatizo ni kwamba akiba hiyo ni mafuta na protini, sukari ni kidogo mno. Tena kifaranga aliyekula mapema hukimaliza kiini chake haraka kuliko aliyekaa na njaa, kwa sababu chakula kikipita ndicho kinachoufanya utumbo uchezecheze na kukisukuma kiini kiingie.

Sasa turudi nyuma, ndani ya ganda. Sukari na wanga katika yai zima havifiki asilimia 1. Kwa muda mwingi wa kuatamiwa, kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, huishi kwa mafuta ya kiini, ambayo hutoa zaidi ya asilimia 90 ya nguvu yake. Mafuta lakini yanahitaji oksijeni ili yaungue, na kuanzia kama siku ya 18 kiinitete kimekuwa kikubwa huku vitundu vya ganda ni vile vile. Oksijeni inayoingia haitoshi tena. Hapo ndipo kinapogeukia glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, na wakati huo huo kinatakiwa kufanya kazi nzito kuliko zote: kutoboa utando, kuanza kuvuta pumzi kwa mapafu, kupasua ganda. Glaikojeni ikiisha, kiinitete kinavunja protini ya misuli yake, hasa ya kidari, ili kutengeneza glukosi. Kidari hicho ndicho mfugaji atakachouza wiki 5 baadaye. Madini nayo, kama zinki, shaba na manganizi, huwa yamepungua sana kwenye kiini kufikia siku ya 17, wakati mifupa bado inayahitaji.

Yapo maji yanayomzunguka kiinitete, ndani ya mfuko wa amnioni. Katika siku za mwisho kabla ya kutotolewa kiinitete huyanywa maji haya, na huwa kimeyamaliza kabla hakijatoboa chumba cha hewa. Ukiweka kirutubisho ndani ya maji hayo katika siku chache hizo, kitamezwa, kitapita tumboni, kitafika kwenye utumbo kama chakula. Walioifanya hoja hii kuwa mbinu ni Zehava Uni wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem na Peter Ferket wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, na hataza yao, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ilitolewa Marekani mwaka 2003. Miongoni mwa viambato walivyotumia ni maltosi, sukrosi, dekstrini na HMB, kitu kinachotokana na asidi amino ya lusini. Waliripoti uzito wa kutotolewa ulioongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Vile vijidole vidogo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza chakula navyo hurefuka na kupanuka mapema zaidi.

Njia ya sindano haikuanzia hapo. Chanjo ya mahepe, ugonjwa wa kuku uitwao pia Marek, imekuwa ikidungwa ndani ya mayai kibiashara huko Marekani tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwa mashine zinazodunga trei nzima kwa mkupuo mmoja. Ila chanjo hiyo ni mililita 0.05 tu kwa yai. Lishe ya maana ni kati ya mililita 0.5 na 1, yaani mara 10 hadi 20 zaidi. Pampu, mirija na mwendo wa mashine ya chanjo havikutengenezwa kwa ujazo huo, na hii ni sababu mojawapo kubwa ya mbinu hii kubaki zaidi kwenye majaribio kuliko kwenye vituo. Msije mkadanganyika pia kwamba mtachanganya sukari ndani ya mfuko wa chanjo na kumaliza kazi. Chanjo ya mahepe inayohifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji ni chembe hai, na chumvi, sukari au asidi ikibadilika zinakufa. Mtapeleka vifaranga sokoni mkidhani vimechanjwa.

Kwa wenye maabara au mafunzo ya kutosha wanaotaka kufanya jaribio, nieleze hatua.

Muda kwanza. Dunga kati ya saa ya 420 na 432, yaani siku 17 na nusu hadi 18, wakati wa kuhamisha mayai kwenda mashine ya kuangulia. Ukiwahi, mfuko wa amnioni unaukosa kirahisi na kiinitete bado hakijakaa mkao wake. Ukichelewa, maji yameshanywewa, na kimiminika kinaweza kumwingia kifaranga kwenye njia ya hewa. Saa hizo ni za yai lililohifadhiwa siku chache tu. Yai lililokaa muda mrefu kabla ya kuwekwa huchelewa, takribani saa 1 kwa kila siku ya ziada. Ukichanganya mayai ya siku 2 na ya siku 10 kwenye trei moja, sindano ile ile itawakuta wengine wako tayari na wengine bado. Jaribio lifanyike kwa mayai ya kundi moja la kuku wazazi, wa umri mmoja, yaliyotagwa siku zinazokaribiana.

Mmumunyo ndio mahali ambapo watu wengi huua vifaranga kwa nia njema. Wanafikiri sukari nyingi ni chakula kingi. Mmumunyo ulio mkali kuliko damu huvuta maji kutoka mwilini mwa kiinitete, kikakauka kikiwa ndani ya maji. Damu ina mkolezo wa karibu milimosmoli 300 kwa lita, kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka. Glukosi ya asilimia 5 inafika hapo karibu kamili. Maltosi au sukrosi, kwa kuwa molekuli zake ni kubwa takribani mara mbili, hufika hapo kwa asilimia 10. Dekstrini ni minyororo mirefu zaidi, kwa hiyo inabeba sukari nyingi bila kupandisha mkolezo sana, na ndiyo maana watafiti waliipenda. Mmumunyo salama wa kuanzia: lita 1 ya maji safi kwa sindano, gramu 4.5 za chumvi safi isiyo na iodini, gramu 50 za maltosi. Chumvi pale inachangia kama 154, maltosi kama 146, jumla 300. Chumvi ina kazi nyingine pia, kwani utumbo hauwezi kuipitisha glukosi bila sodiamu. Ukitaka kuongeza asidi amino, punguza kitu kingine na upige hesabu upya. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.22. Ukichemsha sukari pamoja na asidi amino inageuka kahawia na umeshaiharibu. Kabla ya kudunga, upashe joto ukaribie la yai, kwa sababu mililita nzima ya maji baridi si sawa na tone la chanjo.

Kabla ya kudunga, pima mayai kwa mwanga uondoe yasiyo na kitu na mayai viza. Sindano iliyopita kwenye yai viza inabeba bakteria kwenda kwenye mayai yote yanayofuata. Safisha upande mpana wa yai, ule wenye chumba cha hewa, toboa tundu dogo, kisha shusha sindano nyembamba, namba 21 hadi 23, wima kupita chumba cha hewa, kina cha karibu sentimita 2.5 kutoka kwenye ganda. Mayai madogo ya kuku wachanga yapewe ujazo mdogo, mililita 0.5 inatosha. Badilisha au safisha sindano kati ya yai na yai. Mayai yasikae nje ya joto zaidi ya dakika 20 hadi 30.

Utajuaje umefika kwenye amnioni? Chukua mayai 20 ya kutolewa kafara, udunge mmumunyo wenye rangi ya chakula, uyapasue pale pale. Rangi ikiwa kwenye manyoya ya kiinitete na maji yanayokigusa, umefika. Ikiwa juu, kwenye chumba cha hewa, au imesambaa kwenye mfuko wa nje wa taka, chakula chako hakitamezwa. Usiendelee mpaka kina cha sindano kimerekebishwa.

Makundi ya jaribio yawe matatu: mayai yasiyoguswa kabisa, mayai yaliyodungwa maji ya chumvi peke yake, na mayai yaliyodungwa lishe. Nawasihi msilikate kundi la kati. Mililita 1 ya kimiminika ina uzito wa gramu 1, na kifaranga wa gramu 40 akizidi kwa gramu 1 umeshaona asilimia 2.5 ambazo huenda ni maji matupu. Pima uzito bila kiini kwa vifaranga vichache kutoka kila kundi, kisha pima uzito wa siku ya 7, ambao kwa kifaranga mzuri wa nyama huzidi mara 4 ya alipotoka. Faida isiyoonekana siku ya 7 haimsaidii mfugaji. Na vunjeni mayai yote yasiyototolewa mwangalie yamekufa siku gani. Katika mayai 10,000, utotoaji ukishuka kwa asilimia 2 umepoteza vifaranga 200, na hakuna uzito wa gramu moja mbili utakaovirudisha.

Adui mkubwa ni kuvu. Tundu la sindano halizibwi, na mashine ya kuangulia ina joto, unyevu na upepo. Vumbi lenye aspagilasi, aina ya kuvu, likipita kwenye tundu hilo, vifaranga vinatoka na ugonjwa wa mapafu, vikihema kwa midomo wazi na kufa wiki ya kwanza. Ndiyo sababu nasema kudunga maelfu ya mayai kwa bomba la mkono, katika chumba cha kawaida, ni hatari isiyostahili.

Kwa vituo vingi vya kwetu, mahali pa kumlisha kiinitete ni kwenye chakula cha mama. Kuku mzazi asiyepata riboflavini (vitamini B2) ya kutosha, utotoaji wake unaporomoka ndani ya wiki 2, na vifaranga vinatoka vidole vimejikunja. Vitamini E, vitamini D, seleniamu, zinki na manganizi vyote hupitia kwake kwenda kwenye kiini. Kiini kikishafungwa na ganda, mlango huo umefungwa. Mfugaji wa kuku wazazi anayepunguza mchanganyiko wa vitamini kwa sababu bei imepanda anapunguza kidari cha kifaranga ambaye bado hajatagwa.

Kisha fupisheni kusubiri. Msichanganye mayai ya umri tofauti, toeni vifaranga vikiwa vimekauka huku vichache bado vina unyevu shingoni, na andikeni kwenye boksi saa vilipotolewa, siyo tarehe tu. Mpokeaji awe amewasha bruda mapema, chakula kimemwagwa kwenye karatasi, maji yapo. Saa 24 baada ya kuviingiza, apapase magole, yaani mifuko ya chakula chini ya shingo, ya vifaranga vichache kutoka kila pembe: angalau 95 kati ya 100 yawe yamejaa na laini. Gole gumu lina chakula bila maji, na lile tupu ni la kifaranga ambaye njaa yake ilianza siku ya 18 ndani ya yai na haijakatika mpaka sasa.

Naishia hapo. Aliyekuja na rekodi za kuvunja mayai azilete mezani, tuanze na zile zinazoonyesha vifo vya siku ya 19 na 20.