Huku Cornwall Mimi Ndiye Mtu wa Bara

Hamjambo ndugu zangu mnaonitazama kutoka Kilifi, Mombasa, Kwale, Lamu na kwingineko. Wazee wangu, shikamooni. Leo narekodi nikiwa Marazion, kijiji kilicho karibu na mji wa Penzance katika kaunti ya Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ambako nchi ya Uingereza inachongoka na kuingia baharini. Nyuma yangu mnaona kisiwa chenye ngome juu ya jabali, kinaitwa St Michael's Mount, na njia ya mawe inayoelekea huko mnaiona kwa sababu maji yamekupwa. Baada ya saa mbili hivi itakuwa imefunikwa, na atakayetaka kuvuka atapanda mashua.

Nimechagua mahali hapa kwa sababu ndipo nilipozungumza na mwenyeji kwa mara ya kwanza jambo lisilohusu kazi wala kodi ya nyumba. Ilikuwa Oktoba mwaka juzi. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake aliniona nimesimama katikati ya njia hii, akanisogelea na kunionya kwa upole kwamba bahari ya hapa haimngoji mtu na ingeweza kunikatia njia. Nilimshukuru, kisha nikamwambia kwamba nimeuona mstari wa mwani mbichi ukutani ulivyopanda juu ya kichwa changu, na kwamba mwezi ulikuwa mpevu juzi yake, kwa hiyo nilijua kuwa hayo ni maji ya bamvua, yale yanayopanda na kupwa sana, na si maji mafu. Alisimama akanitazama vizuri. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza kwamba nimezaliwa Ribe na kukulia Mtwapa, kwamba mama yangu ni mama karanga aliyetusomesha kwa kukaanga samaki, na kwamba siku za maji tulikuwa tukizihesabu kwa mwezi kabla sijajua kusoma kalenda. Naye akanieleza kwamba alikuwa mvuvi wa Newlyn, bandari ya jirani, na akaongeza, kwa fahari niliyoipenda sana, kwamba urefu wa kila mlima katika ramani za Uingereza bara huanza kuhesabiwa kutoka usawa wa bahari uliopimwa pale Newlyn kati ya mwaka 1915 na 1921. Huko bamvua hupanda na kushuka karibu mita 5, zaidi ya tulivyozoea kwetu Mombasa.

Wengi mmeniuliza kwa nini niliondoka Birmingham, mji wenye Wakenya wengi na maduka yanayouza unga na sukuma wiki, nikaja mahali ambapo naweza kumaliza wiki nzima bila kusikia neno la Kiswahili ila kwenye simu. Jibu langu ni kwamba niliikosa bahari, na nyumba moja ya kutunzia wazee huku ilikuwa ikitafuta wahudumu. Kabla ya kuendelea, wale mnaotaka kunifuata kwa kazi hii naomba mnisikilize kwa makini. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu wa wazee anayekuja kwa viza ya kazi hii haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto wake, na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ya nchi umefungwa. Wakala anayewadai pesa leo kwa ahadi ya kazi hiyo anawaibia. Tafadhali msiuze shamba wala ng'ombe kwa ajili yake. Na mkishafika huku kwa njia nyingine yoyote ya halali, kumbukeni kwamba leseni ya udereva ya Kenya hutumika kwa miezi 12 tu, kisha ni lazima ufanye mtihani wa hapa. Katika kaunti ambayo basi la mwisho huondoka mapema jioni, hilo si jambo dogo.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kulisema leo. Kwetu Pwani tunao msemo wa kumwita mtu aliyetoka Nairobi au Nyanza au Mlima Kenya kuwa ni mtu wa bara. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kufikiri linavyosikika masikioni mwa anayeitwa. Nilipofika Cornwall nilishangaa kukuta kwamba wenyeji wana neno hilo hilo. Yeyote aliyetoka ng'ambo ya mto Tamar, ambao umekuwa mpaka wao tangu zama za mfalme Athelstan mwaka 936, husemwa kuwa ametoka upcountry, kama vile sisi Wakenya tunavyosema tukizungumza Kiingereza. Kufika ng'ambo hiyo ni kuvuka tu daraja la reli lililofunguliwa mwaka 1859, lakini kwao ni nchi nyingine. Watalii wa kiangazi nao huitwa emmets, neno la lahaja yao lenye maana ya sisimizi, kwa sababu huja wengi, huenea kila mahali, kisha hutoweka. Kwa hiyo nilipowasili na masanduku yangu mawili, swali nililolisoma machoni mwa watu halikuwa la rangi yangu peke yake. Walitaka kujua kama nimekuja kukaa au nimekuja kupita.

Swali hilo lina sababu yake, na sababu hiyo niliijua kwa ngozi yangu. Nyumba yangu ya kwanza niliipanga Oktoba. Ajenti hakunificha kwamba mkataba ulikuwa wa miezi sita, ila sikuelewa maana yake mpaka Machi, nilipotakiwa kuhama kabla ya Pasaka ili nyumba ile ikodishwe kwa wiki kwa watu wa likizo. Nilihamia chumba kimoja, nikaishi humo miezi mitano. Ikiwa mtapita siku moja katika kijiji cha Mousehole, ambacho wenyeji hukitamka Mauzel, jioni ya Januari, tazameni milango. Kando ya mlango baada ya mlango mtaona kijisanduku cha chuma chenye tarakimu za kubonyeza, ambamo ufunguo huwekwa kumngoja mgeni wa msimu, na madirisha ya nyumba hizo huwa giza majira yote ya baridi. Vijana waliozaliwa humo, watoto wa wavuvi, hawawezi kununua nyumba walizozaliwa babu zao. Ndiyo maana wakazi wa St Ives mwaka 2016 walipiga kura kwa wingi kutaka nyumba mpya zitakazojengwa mjini mwao ziwe za watu wanaoishi humo kweli, na ndiyo maana tangu Aprili 2025 baraza la kaunti linatoza kodi maradufu kwa nyumba za pili.

Nilipoyasikia hayo kwenye mkutano wa wakazi niliona kama nimeketi katika baraza ya chifu huko nyumbani. Sisi Wamijikenda tunajua maana ya kuishi juu ya ardhi ambayo hati yake iko mfukoni mwa mtu asiyeonekana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe umiliki wao kwa maandishi, na babu zetu, ambao ardhi yao ilijulikana kwa minazi, makaburi na kaya, yaani misitu yetu mitakatifu ya mababu, wakajikuta wanaitwa maskwota mahali walipozaliwa. Sitaki kusema kwamba mambo haya mawili ni sawasawa. Mkornishi aliyekosa nyumba hakunyang'anywa nchi kwa namna ile. Lakini uchungu wa kuona pwani yako inakuwa nzuri kwa ajili ya wengine nauelewa, na nilisimama nikausema mbele yao kwa Kiingereza changu, nikiwa mtu wa bara niliyepanga nyumba ambayo pengine kijana wao angeihitaji. Hawakukasirika. Mama mmoja aliniuliza kaya ni nini, tukaendelea kuzungumza nje ya ukumbi hadi taa zikazimwa.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililiomba mwenyewe. Nililiomba katika kanisa dogo la Kimethodisti lililo mwendo wa dakika kumi kutoka ninapokaa. Mnajua kwamba Umethodisti wa Kenya ulianzia kwetu Ribe, mwaka 1862, na kaburi la mke wa mmisionari Thomas Wakefield liko huko hadi leo. Cornwall nayo ni nchi ya Wamethodisti. John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri mara 18 katika lile shimo kubwa la Gwennap lililo kama uwanja wa michezo. Jumapili ya kwanza kinanda kilipoanza, nilijikuta nauimba wimbo kwa Kiswahili, kwa kuwa tuni ilikuwa ile ile niliyofundishwa na nyanya yangu. Waliokaa mbele yangu waligeuka, nami nikadhani nimewakwaza, kumbe walitaka niendelee. Siku hizi niko katika kwaya, na kila Alhamisi naosha vyombo baada ya chakula cha mchana wanachowaandalia wazee wanaoishi peke yao. Kwenye karai la vyombo ndipo nilipojifunza majina ya watu na majina ya marehemu wao.

Yule mzee wa mbwa alinionyesha pia mahali pa kununua samaki Newlyn. Nilipowaona vibua wamepangwa juu ya barafu, migongo yao ya buluu na kijani ikimetameta kwa michirizi myeusi, nilishika ukingo wa meza. Si vibua wetu hasa, ni jamaa zao wa maji baridi, wana mafuta zaidi. Niliwapasua, nikawachanja ubavuni mara tatu kila upande kama anavyofanya mama, nikawapaka chumvi, ndimu, pilipili na bizari, nikawaacha saa nzima, kisha nikawakaanga hadi ngozi ikakakamaa. Sahani moja niliipeleka kwa jirani, bibi wa miaka themanini na kitu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na sikumwambia hivyo. Baada ya siku mbili alinigongea, sahani yangu ikiwa imefunikwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mkate wao wa kukunja wenye nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu na mzizi unaofanana na tanipu, mkunjo wake umefinywa pembeni kwa vidole, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo sahani ile haijapata kukaa kabatini kwangu zaidi ya wiki.

Ni bibi huyu aliyenifundisha kusema dydh da, yaani siku njema, kwa Kikornishi, lugha ya asili ya Cornwall. Lugha hiyo ilisemwa kuwa imekufa pamoja na Dolly Pentreath, muuza samaki wa Mousehole aliyefariki mwaka 1777, lakini watu waliiokota tena kwenye maandishi, wakaifundisha, na leo mtaiona kwenye vibao vya barabara. Nilipomwambia kwamba Kiribe changu kina wasemaji wachache na watoto wengi wa kwetu wanakiacha, alinishika mkono akanitaka nimsalimie kwacho kila tunapokutana, na sasa anajibu bila kukosea. Dada zangu mlioko Mtwapa, tafadhali wasemesheni watoto Kiribe hata kama watawajibu kwa Kiswahili.

Baridi siizungumzii sana. Mvua ya manyunyu huja na upepo ikapiga usoni, na Desemba jua huzama saa kumi na nusu hivi jioni. Nunueni koti zuri. Ila kuna usiku mmoja wa Desemba ninaotaka muujue. Tarehe 19 Desemba 1981 meli iitwayo Union Star ilizimika injini katika dhoruba, na mashua ya uokoaji ya Penlee ikatoka na watu 8 wa kujitolea, wote wa kijiji cha Mousehole na jirani zake. Watu wote 16 wa vyombo hivyo viwili walikufa. Kila mwaka bandari ya Mousehole hupambwa kwa taa za Krismasi zinazovuta wageni kutoka mbali, na kila tarehe 19 taa hizo huzimwa kwa muda, ukabaki mwanga wa msalaba na malaika. Mwaka jana nilikwenda na wanakwaya wenzangu. Nilikumbuka asubuhi ambazo mama na wenzake walikuwa wakisimama ufuoni Mtwapa, makarai chini, wakihesabu ngalawa zinazorudi na kuhesabu tena. Hakuna aliyezungumza. Jirani yangu alinivuta mkono akaniweka upande usiopigwa na upepo.

Mnasikia sauti hiyo? Maji yamegeuka, yameanza kupiga mawe ya kwanza ya njia. Nina samaki wa kupitia Newlyn kabla soko halijafungwa, na leo ni zamu yangu ya kurudisha sahani.