Mwaridi unaonukia, Tanga: tangu kununua mche hadi kukata ua

Haya, karibuni. Leo tuko uani Chumbageni, jua halijawa kali, tunapanda mwaridi. Na uwe unanukia, maana wa kutazama tu umejaa mjini.

Kazi inaanzia kitaluni. Yale mawaridi ya maduka ya maua yalizalishwa yakae siku nyingi kwenye chombo na yavumilie safari. Harufu mara nyingi iliachwa njiani. Wewe nenda asubuhi, chagua mche ambao tayari una ua, inama unuse. Haunuki? Uache, hata ukipunguziwa bei. Tunaoutaka ni ule unaoitwa haibridi tii, bua refu lenye ua moja kubwa juu, ukoo unaohesabiwa tangu waridi la Ufaransa la 1867, La France. Si zote zinanukia. Ukiikuta Mister Lincoln, nyekundu iliyokolea, au Double Delight, nyeupe ya maziwa yenye kingo nyekundu, lipa uondoke nayo.

Sasa mahali. Mwaridi unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na la asubuhi ndilo bora, kwa sababu linakausha umande. Kivuli cha ukuta alasiri hakiudhuru. Mlioko Raskazone, kule baharini, upandeni nyuma ya ukuta au ua wa michongoma. Upepo wa chumvi unababua majani.

Tazameni shimo langu: nusu mita kwenda chini, nusu mita upana. Haya mawe meupe ni ya matumbawe, yana chokaa, na mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiona majani yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi ni chokaa hiyo. Kwa hiyo kifusi hiki sikirudishi. Najaza udongo mwekundu, sehemu mbili, na samadi iliyooza vizuri, sehemu moja. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Hili fundo hapa shinani ndipo mwaridi wako ulipounganishwa na shina la mwaridi mwingine, shina mama: liache juu ya udongo. Chipukizi lolote likitoka chini yake, ling'oe, hilo ni la shina mama na litaunyonya mwaridi wako. Mche na mche, acha sentimita 80 au zaidi.

Hapa kwenye maji nisikilizeni vizuri jamani, ndipo pwani inapotuonea. Hewa yetu ni ya unyevu, na jani la mwaridi likikaa limelowa saa nyingi linapata madoa meusi, kisha linapukutika. Ni ugonjwa wa ukungu, unarukia majani kwa matone ya maji. Basi mpira wa kunyunyizia juu kwa juu, weka kando. Mwagia shinani, asubuhi; heri maji mengi mara mbili tatu kwa wiki kuliko kikombe kila jioni. Tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, matone ya udongo yasiruke. Majani yaliyoanguka okota uchome, usiyatie kwenye mboji. Masika ikikaza, nunua dawa ya ukungu kwenye duka la pembejeo, fuata kipimo kilichoandikwa.

Kupogoa hakuna uganga. Mkasi mkali, kata kwa mshazari juu kidogo ya jicho, pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki wazi, hewa ipite. Ua likinyauka, shuka hadi jani lenye vijani vitano, ukate hapo. Jingine litakuja baada ya wiki sita hivi.

Kukata ua la kuweka ndani ya nyumba: asubuhi, likiwa limefumbuka nusu, bua litumbukie mara moja kwenye ndoo ya maji. Jua la mchana linarusha mafuta yale yanayonukia, ndiyo maana ua lilelile saa saba ni kama limetiwa maji. Yaliyofunguka kabisa usiyatupe. Chambua petali, wape wanaotunga vikuba, vile vishada vya manukato, waziweke na asumini na mrehani.