Njia Tulizoziacha

HAMISI: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Hamisi, nipo na dada yangu Neema. Leo tunazungumzia maisha ambayo tungeweza kuyaishi na hatukuyaishi. Na dada, wiki hii nimemfikiria sana mwanariadha wetu mkongwe, mzee Filbert Bayi.

NEEMA: Bingwa wa Christchurch!

HAMISI: Huyo huyo. Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mbio za mita 1500. Alichomoka mbele tangu mwanzo na hakushikika mpaka kwenye utepe. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand. Miaka 2 baadaye ikaja Olimpiki ya Montreal, kila mpenda riadha akingoja wawili hao wakutane. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akabeba dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.

NEEMA: Na hapo ndipo watu wanapopiga hesabu: sekunde 7 zaidi ya muda wa Bayi, basi Bayi angeshinda. Fainali ya Olimpiki haiendi hivyo, kaka. Pale watu wanaviziana, wanachotaka ni nafasi ya kwanza tu, muda hauna kazi. Zile mbio za Montreal tunazomkimbizia Bayi vichwani mwetu, kila mara anashinda. Hapati malaria, hakanyagwi kiatu, hachoki mita 100 za mwisho.

HAMISI: Kweli kabisa. Na mwenyewe hakukaa chini. Moscow 1980 alichukua fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Yeye na Suleiman Nyambui ndio walioiletea Tanzania medali za Olimpiki mwaka ule. Baadaye akafungua shule, watoto wa watu wamesoma pale.

NEEMA: Namheshimu mno. Ila Bayi mlango ulifungwa na nchi, tena kwa jambo la haki. Wengi wetu tuliufunga kwa mkono wetu. Hilo ndilo linalomkosesha mtu usingizi.

HAMISI: Kuna watafiti wawili wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1994. Waligundua kwamba kwa muda mfupi mtu huumia zaidi kwa alichokifanya. Akitazama maisha yake yote, kinachomuuma zaidi ni kile ambacho hakukifanya.

NEEMA: Na ukikaa ukifikiri, unaona kwa nini. Ulichokifanya kina mwisho. Uliharibu, ukaomba radhi, ukalipa deni, ukaendelea. Usichokifanya hakijafika popote, kwa hiyo kila mwaka unakiongezea chumvi. Mimi nilichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi mwaka ambao baba alifariki. Sikwenda. Nilibaki dukani na mama, tukiuza vitenge.

HAMISI: Hili hujawahi kulisema hapa.

NEEMA: Sijawahi. Miaka mingi nilikuwa nikiona muuguzi amevaa sare yake, moyo unashtuka. Nikamjenga Neema muuguzi: mpole, anapendwa wodini, hana madeni. Hakuwahi kukesha zamu tatu mfululizo, hakuwahi kumfunika mgonjwa shuka usoni. Kisha juzi juzi nikaikuta ile bahasha ya kaki ya chuo kwenye sanduku la mama. Nyuma yake mama alikuwa amepiga hesabu kwa penseli. Ada. Sare. Nauli. Chini yake: unga, mafuta ya taa, madaftari ya wadogo zangu. Alikata, akaandika upya, akapunguza nauli. Akakata tena. Haikutosha kaka, kila alivyoigeuza haikutosha.

HAMISI: Pole sana, dada.

NEEMA: Asante. Lakini ile karatasi imenisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Kumbe nilikuwa namhukumu yule binti wa miaka 19 kwa pesa ambazo nimezipata nikiwa na 40! Alichagua kwa alichokuwa nacho mezani. Leo nikikutana naye nitamshukuru, maana wadogo zangu wamesoma.

HAMISI: Na maumivu je?

NEEMA: Yapo. Sikubaliani na wanaomkimbilia mtu na "yaliyopita si ndwele". Mwache kwanza alie. Anachokililia kilikuwa na thamani kwake.

HAMISI: Hapo umenigusa. Tumepata ujumbe wa mama mmoja wa Mbeya. Ana miaka 46, aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Anauliza kama ajifunze kuridhika au arudi shule.

NEEMA: Mama yangu, wewe njia yako haijafungwa, usiiombolezee. Kuna Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Ukifaulu huo, unajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nenda kwenye ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwako, watakueleza masomo yanavyokwenda na gharama zake.

HAMISI: Na akiona hataki? Pengine anachokitamani ni ule usichana wake, wala hesabu na kemia hazitaki.

NEEMA: Basi asijilazimishe, na asimruhusu mtu amwite mvivu. Ila akaulize kwanza. Aamue akiwa na bei na ratiba mkononi.

HAMISI: Mama, ukishaenda tuandikie, hata kama jibu lako ni hapana. Wiki ijayo tutakuwa na mgeni, mwalimu wa madarasa ya watu wazima, na maswali yenu tutamfikishia.