Nyumba ya miti ikiongezewa upande mpya

Bassebo ne bannyabo, asanteni kwa kuja. Leo naongea juu ya nyumba za zamani za nguzo, fito na udongo, na hii hamu yetu ya kuziongezea ukumbi, ofisi, vyoo. Mimi sipingi kuongeza, hapana, ila kipya kibebe uzito wake chenyewe na kisijifanye cha zamani.

Angalieni Kasubi, makaburi ya makabaka, yaani wafalme wa Buganda, kule Kampala. Nyumba kuu ya hapo, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa 1882 iwe ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, akafa 1884 akazikwa mulemule, na sasa wamelala hapo makabaka wanne. Wengi wanadhani ilikuwa miti na nyasi tupu mpaka ule moto wa Machi 2010, kumbe tangu matengenezo ya 1938 zege na chuma vilishaingia ndani, na UNESCO wakaiandika urithi wa dunia 2001 hivyohivyo. Kwa sababu gani? Kwa maoni yangu ni kwa sababu zile pete 52 za paa, ambazo ni koo za Buganda, zilibaki, lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, ikabaki, na kuezeka kukabaki mikononi mwa ukoo wa Ngeye. Hapo ndipo nyumba ilipo jamani! Moto ulipoila ikawekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, ikatolewa 2023 baada ya kujengwa upya.

Sasa mafundi mnisikie. Mti unavimba mvua ikija na unasinyaa kiangazi, ukuta wa bloku haufanyi hivyo, halafu wenyewe unatitia kivyake, kwa hiyo ukizifunga hizo mbili kwa bolti lazima moja itapasua nyingine. Acha nafasi katikati, ifunike na bati la kuzuia maji, upande mpya upewe msingi wake. Na plasta ya simenti juu ya udongo naomba sana muache, inafungia unyevu ndani, nguzo inaoza chini, mchwa wanakuja na nyinyi hamuoni kitu mpaka ukuta unaegemea. Nguzo ikioza mguu usiing'oe yote, kata palipooza tu, unga kipande cha mti uleule kilichokauka vizuri.

Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kutunza majengo ya kale, unasema kinachoongezwa kionyeshe alama ya wakati wake, kwa hiyo kioo na chuma sawa tu, ila visipite kimo cha paa la zamani. Haya, nani ana swali?